Tuliheshimiana Hadi Sukari Ikaisha

Naitwa Benter Apondi, na kabla watu hawajazidi kuniharibia hadithi hii, heri niisimulie mwenyewe. Phanice, jirani yetu hapa Sironga, ameshaisimulia kanisani, sokoni Birongo na kwenye matanga mawili. Kila anapoisimulia, mimi nazidi kunenepa na yeye anazidi kuwa jasiri. Sasa imetosha.

Mimi ni mtu wa Kendu Bay. Nimeuza vitenge na mapazia Kisii mjini tangu binti yangu wa pekee, Lynette, akiwa mgongoni. Lynette alipokua akaniletea mkwe Mkisii, Joash Nyakundi, mwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, huko Nyamira. Wenzangu wa sokoni walikuwa na maneno mengi, nikawaambia waniache na mkwe wangu. Joash ni mrefu na mpole, amechanja ng'ombe na kuku wa nusu ya kaunti, na hajawahi hata siku moja kuniangalia usoni. Kwa hilo la mwisho ndipo nilipompenda.

Msishangae. Kwetu Wajaluo, mama na mume wa binti yake hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali wakionana, hawakai kochi moja. Kwao Wakisii ni vivyo hivyo, nao wanaiita chinsoni, ile aibu ya heshima ambayo mtu mzima asipokuwa nayo anahesabiwa kama hajalelewa. Watu wa ziwani na watu wa milimani tunabishana juu ya mambo mengi, hata juu ya ugali, lakini hapo tumekubaliana bila mkutano.

Shida ni kwamba nina ugonjwa wa sukari, ule wa kujidunga insulini kila siku. Wengi wanajua sukari ikipanda ni hatari. Wachache wanajua ikishuka ni hatari zaidi, tena ya haraka: mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaongea upuuzi, kisha anaanguka, na asiposaidiwa hapo hapo haamki. Mimi iliniangusha ndani ya duka langu mwenyewe, katikati ya marobota ya vitenge, na kama si mteja aliyekuja kurudisha pazia fupi, msingekuwa mnanisikia leo. Lynette alilia, akafunga lile duka, akanileta kwake Sironga kwa nguvu.

Sasa, mama mkwe atalalaje chini ya paa la mkwe wake? Joash alileta fundi, akanijengea chumba nje kidogo ya nyumba kubwa, mlango ukiangalia mahindi, ili tusije tukakutana akitoka kuoga. Nilipouona mlango ule nilikaa kitandani nikatokwa na machozi. Mtu aliyefikiria mlango wako unatazama wapi, huyo amekupenda.

Kuongea tulikuwa tunaongea, lakini kwa njia zetu. Lynette akiwepo, tulipitia kwake. Asipokuwepo, tulipitia kwa paka. Paka huyo anaitwa Diwani, kwa sababu humwoni mpaka siku ya chakula.

"Diwani," Joash angesema akiwa barazani, amenipa mgongo, "mwambie Mama mvua inakuja, aanue nguo."

"Diwani," nami ningejibu dirishani, "mwambie Joash ahsante, nimeshaanua na zake."

Diwani alikuwa analamba mkia wakati wote huo, lakini ujumbe ulifika.

Basi, baada ya kuhamia, Lynette alimwita nesi Jacinta aje atufundishe mambo ya dharura. Jacinta alikuja na kisanduku cha rangi ya chungwa kilichotafutwa kwa shida mpaka Nairobi. Ndani kulikuwa na chupa ndogo yenye unga mweupe na sindano iliyojaa maji. Dawa yenyewe inaitwa glukagoni, kazi yake ni kupandisha sukari upesi. Tuliketi sebuleni, mimi, Lynette na Phanice, na Joash akasimama nje dirishani, mgongo kwetu, masikio ndani.

"Mama akianguka na hajitambui," Jacinta alisema, "msimpe soda, msimpe chai, msimpe kitu chochote kwa mdomo. Kitaingia kwa mapafu. Mnachukua hii. Maji ya sindano yanaingia kwa chupa, mnazungusha mpaka dawa iwe safi kama maji, mnavuta tena, halafu mnamdunga hapa, kwa paja..."

Kwenye neno paja tulisikia viatu. Kisha tukasikia geti. Kisha tukasikia pikapu ya Joash inawaka na kupanda barabara ya Nyamira kama imeitwa na moto.

Jacinta alibaki kidole hewani. "Ameenda wapi?"

"Kazini," Lynette akasema, anajikaza asicheke.

Jioni Lynette alimfuata mume wake na kile kisanduku. Joash akamwambia kuchanganya unga na maji ndiyo kazi yake ya kila siku, chanjo za kuku huja hivyo hivyo, na sindano si kitu kwake. "Lakini hayo mengine," alisema, "mtafanya wanawake." Wakapanga hivi: Lynette akiwa nyumbani atadunga yeye, na akiwa kazini atadunga Phanice.

"Sindano tu?" Phanice alisema, mikono kiunoni. "Mimi nimezaa watano, mmoja kwa shamba. Niiteni wakati wowote."

Kisanduku kikawekwa juu ya kabati ya vyombo, na sote tukalala usingizi mzuri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Lynette alikuwa ofisini. Saa sita na kitu nilijidunga insulini yangu kama kawaida, kwa kuwa matoke na maharagwe yalikuwa tayari jikoni mwa nyumba kubwa, yamefunikwa kwa sahani. Nikaingia sebuleni kuchukua uzi, maana nilikuwa nafuma kitambaa cha meza. Vitambaa vyote vya nyumba ile nimevifuma mimi: vya makochi, vya stuli, cha televisheni, hata cha redio. Nikasema nimalizie ua moja, kisha niende jikoni nikale.

Hapo nikasikia mlango wa nyuma unafunguka, maji yanamwagika, na kijiko kinagonga sahani. Joash amerudi. Alikuwa Birongo kumzalisha ng'ombe wa mtu, akapita nyumbani bila kutarajiwa. Na ameketi jikoni, anakula.

Ningeingiaje? Nikatulia kwenye kochi, nikamngoja amalize atoke.

Nisichokijua ni kwamba Joash alimaliza kula upesi. Lakini yule ng'ombe alikuwa amemharibia shati, naye ameliloweka kwenye karai, akabaki na fulana ya ndani yenye tundu kwapani. Shati safi liko chumbani. Ili kufika chumbani ni lazima apite sebuleni. Na sebuleni yuko nani? Mama mkwe. Kwa hiyo naye akatulia jikoni, ananingoja mimi niondoke.

Diwani akawa anaenda na kurudi.

"Diwani," nikasikia, "mwambie Mama asijisumbue kwa ajili yangu. Achukue wakati wake."

"Diwani," nikajibu, "mwambie Joash asile kwa haraka. Kazi ya leo ilikuwa ngumu. Ashibe."

Kijiko kikagonga sahani tena. Baadaye aliniambia kwamba aligonga sahani tupu, nisije nikadhani ananifukuza.

"Diwani, mwambie Mama kuna chai kwa thamosi, lakini ni yake, mimi sitaigusa."

"Diwani, mwambie Joash ainywe yote, mimi sina kiu."

Na kiu nilikuwa nayo! Njaa ndiyo usiseme. Mikono ikaanza kutetemeka nikadhani ni baridi. Jasho likanitoka nikadhani ni joto. Hivyo ndivyo sukari inavyokufanya ikishuka, inaanza kuchukua akili kabla haijachukua miguu. Peremende zangu za glukosi zilikuwa kwenye mkoba, na mkoba uko chumbani kwangu, upande wa mahindi. Nikatazama kitambaa nikaona nimefuma ua lenye tundu kubwa katikati, tundu la kupitisha kikombe, na mimi sijawahi kukosea ua tangu nikiwa msichana. Nikamkasirikia Diwani, nikamwambia ni yeye. Hilo ndilo jambo la mwisho ninalolikumbuka.

Kuanzia hapo sikuwepo, ingawa nilikuwa hapo hapo sakafuni. Nawapa ya Phanice, nikitoa chumvi yake, na kuongeza machache niliyoyatoa kwa Joash mwenyewe kwa taabu.

Joash alisikia kulabu yangu ya kufumia inaanguka kwenye saruji. Akangoja niiokote. Haikuokotwa.

"Diwani," akasema, "uliza Mama kama ako sawa."

Diwani akaingia jikoni, akamtazama, akalia mara moja. Kisha Joash akasikia pumzi yangu, nzito, ya kukoroma, na huo mlio aliujua. Aliwahi kuusikia kwa ng'ombe.

Akaja mbio na fulana yake ya tundu. Nilikuwa nimelala kando ya kochi, nimelowa jasho, macho nusu wazi, hayaoni.

"Mama!" akaita.

Hakumwambia paka. Hakumwambia mtu. Aliniambia mimi.

"Mama! Mama Lynette! Amka, tafadhali!"

Sikuamka. Akatoka nje na stuli ya jikoni, akaipanda na kumwita Phanice juu ya ua wa boma kwa sauti ambayo mpaka leo watoto wa shule wanaigeza wakipita. Phanice akaja na mwiko mkononi, na kitu cha kwanza alichokishika ni chupa ya soda.

"Yaya, hapana! Wacha!" Joash akamnyang'anya. "Usimpe kwa mdomo. Ng'ombe akilala hivi ukamnywesha, unamuua. Shika kichwa chake tu."

Kisanduku akakishusha. Huko kuchanganya, Phanice mwenyewe anakiri, ilikuwa kama kuangalia mtu akimenya ndizi. Maji ndani ya chupa, akazungusha kwa vidole viwili, akaangalia kwenye mwanga, akavuta. Akamgeukia Phanice, akamnyooshea sindano kwa heshima zote.

"Haya, dada. Kwa paja. Mimi ninatoka nje."

Phanice, mama wa watoto watano, mmoja kwa shamba, akaangalia ncha ya sindano. Kwa mshtuko akasema, "Obe." Akaanguka kama gunia la viazi.

Sasa mkwe wangu alikuwa na wanawake wawili sakafuni na sindano moja mkononi.

Najua watu wa kisasa wanacheka. Mnasema, si angedunga tu? Lakini nawauliza, mmewahi kuona mtu akiambiwa avunje kitu alichokilinda maisha yake yote, halafu aambiwe asipokivunja sasa hivi mtu atakufa? Joash anasema alilia. Alilia amesimama, sindano imeelekezwa juu kama alivyofundishwa, machozi yanaingia kwenye ndevu. Kisha akaona kile kitambaa changu kwenye kochi, na lile ua lililokosewa.

Akaanza kunifunika. Alitoa vitambaa vya makochi yote, akaviweka juu yangu. Akatoa vya stuli. Akatoa cha televisheni, akanifunika miguu. Akatoa cha redio, akanifunika uso kidogo, akakumbuka napumua, akakitoa. Juu ya vyote akatandaza kile kitambaa kipya, akalivuta lile ua mpaka likakaa pajani. Kisha akaingiza mkono chini ya vitambaa, uso wake umegeukia kalenda ya kanisa ukutani, akalivuta gauni langu kidogo kidogo mpaka kwenye tundu la lile ua pakaonekana kipande cha ngozi kisichozidi mdomo wa kikombe.

"Mama," akasema, "nisamehe."

Akageuka, akaangalia tundu, si kitu kingine. Akadunga.

Haya yote nimeyajuaje, na aliyekuwa shahidi alikuwa amezimia? Hilo muulizeni Phanice. Anaapa alizimia kabisa, lakini anajua mpaka rangi ya uzi.

Joash akanilaza ubavu, maana dawa ile huleta kichefuchefu mtu akiamka. Akachuchumaa pale, akawa anaita. "Mama. Mama. Mama." Sijui aliita mara ngapi. Ninajua tu kwamba niliisikia sauti kabla sijaona kitu, kutoka mbali, kama mtu anayekuita ukiwa ng'ambo ya mto, nikajiambia, huyo mtoto analia, acha niende nione ana nini. Nikafungua macho. Nikajikuta nimetandikwa kama kochi.

Nilitapika, nikapewa chai ya sukari, kisha ndizi mbivu, kisha mkate. Nikarudi kuwa Benter. Phanice naye akaamka kwa wakati mzuri kabisa, chai ikiwa bado moto. Tukapakiwa kwenye pikapu, sisi wawili ndani na Joash kwenye usukani akiangalia barabara tu, mpaka kliniki. Jacinta alinipima, akasifu kila kitu, kisha akauliza jambo moja.

"Kwa nini alidunga kwa paja? Gauni hii mikono yake ni mifupi. Si angedunga tu hapa juu ya mkono?"

Lynette, aliyekuwa amefika akihema kutoka ofisini, akashika kichwa. "Mkono! Ulisema, na mimi sikumwambia."

"Nilisema. Kwa paja ama juu ya mkono. Sijui ni nani hakunisikia."

Sote tulimjua. Alikuwa kwenye pikapu, nusu ya njia kuelekea Nyamira, wakati Jacinta akimalizia sentensi yake.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikatoka nje nimwone mkwe wangu, nimwambie kwa njia ya Lynette kwamba tumesamehewa sote na Jacinta. Pikapu ilikuwepo, ufunguo ndani. Joash hakuwepo.

Alikuwa ameenda Nyacheki kwa kaka yake Momanyi, akatuma ujumbe kwa Lynette kwamba atakaa huko kwanza, anamsaidia Momanyi kuchuma majani chai. Joash! Mtu ambaye hajawahi kuchuma hata sukuma wiki. Alisema hawezi kupita mbele ya mlango wangu tena. Alisema hata ule mlango hauangalii mbali vya kutosha.

Shemeji yangu Ogweno akapiga simu kutoka Kendu Bay, habari ilishafika huko kabla ya mimi kufika nyumbani, akasema hili jambo linataka mbuzi wa kuosha aibu. Wajomba wa Joash nao wakasema linataka mbuzi. Lakini aliyeona ampe aliyeonwa, ama aliyeokolewa ampe aliyeokoa? Walibishana kwenye simu mpaka salio la simu likawaishia. Mbuzi hakuonekana.

Mimi nikaanza kukunja nguo zangu. Nikamwambia Lynette narudi Kisii mjini, nikafungue duka, mume wake arudi kwake.

"Mama, ukirudi huko utakufa," Lynette alisema, akakaa juu ya sanduku langu. "Na yeye akibaki huko, nitakufa mimi. Mnataka nizike nani?"

Jacinta alikuwa ametutafutia kisanduku kingine, kimeshawekwa juu ya kabati. Lakini kisanduku bila mkono ni mapambo. Lynette yuko ofisini kutwa. Phanice tumemwona. Katika Sironga yote, mtu mmoja tu ndiye anayeweza kunirudisha nikianguka, na mtu huyo amejificha kwenye majani chai kwa sababu alinirudisha. Nilihisi aibu, sikatai. Lakini iliyoniuma zaidi si aibu. Ni upweke. Nilikosa mgongo wake barazani na ujumbe wake wa mvua. Hata Diwani alikuwa anakaa mlangoni hana kazi.

Nikachukua uzi, nikaanza kufuma. Nilifuma, na kila baada ya ua moja Lynette aliniletea kitu cha kutafuna. Kazi ilipokwisha nikaoga, nikavaa kitenge changu kizuri, nikamtia Diwani kwenye kikapu. Mazungumzo ya heshima yanahitaji mkalimani.

"Twende Nyacheki," nikamwambia Lynette.

Mokeira, mke wa Momanyi, alitupokea kwa mikono miwili, kisha akaelekeza shamba kwa midomo. "Ako huko kwa majani. Ameona gari, ameinama."

Nikashuka kwenye njia ya shamba. Majani chai ya Nyacheki yamekatwa yakalingana juu kama meza ndefu ya kijani, na katikati ya meza hiyo kulikuwa na kofia. Kofia ya agroveti, yenye picha ya kuku. Nikafungua kikapu nimtume Diwani. Diwani akanusa hewa, akasikia nyama jikoni kwa Mokeira, akanikimbia. Diwani ni Diwani.

Nikabaki mimi na michai.

"Majani," nikasema, "mwambieni mkwe wangu nimekuja."

Kofia ikashuka kidogo.

"Mwambieni watu wa Kendu Bay wanataka mbuzi, na watu wa hapa wanataka mbuzi. Mimi sitaki mbuzi. Nataka arudi nyumbani."

Kofia ikasogea nyuma ya mchai mwingine.

"Mwambieni nilimsikia. Siku ile kabla sijafungua macho nilimsikia ananiita. Mume wangu alikufa zamani, ndugu zangu wako mbali, na sikujua kwamba duniani bado kuna mtu wa kuniita kwa sauti ile, mbali na Lynette. Mwambieni watu wanasema alinivunjia heshima. Mimi nasema maiti yangu ingepewa heshima zote za Kendu Bay na isingejua."

Sauti yangu ilianza kukatika, nami sipendi kulia mbele ya mimea. Nikatoa kitambaa kwenye mkoba. Kilikuwa kikubwa, cha kufunika mtu mzima kutoka mabega mpaka vidole vya miguu, uzi mweupe mtupu, bila nafasi ya kupitisha hata macho. Katikati pekee kulikuwa na ua moja, na katikati ya ua tundu moja, nimelizungushia uzi mwekundu. Nikakitandaza juu ya majani, kikakaa vizuri kabisa.

"Mwambieni hiki kitakaa juu ya kabati pamoja na kile kisanduku. Nikianguka tena, anifunike. Tundu alivute popote anapotaka. Nesi anasema hata mkono unatosha, kama angengoja amalize kuongea. Adunge hapo kwenye uzi mwekundu. Halafu asikimbie."

Kwanza nikadhani ni upepo. Kisha nikaona kofia inatikisika, na michai ya pande zote mbili inatikisika pamoja nayo. Joash alikuwa anacheka. Alicheka kwa chini chini, halafu akashindwa, akacheka kama watu, na aliposimama machozi yalikuwa yamelowesha ndevu na mifuko ya shati ilikuwa imejaa majani chai mazee ambayo hakuna kiwanda kingeyapokea.

Hakuniangalia usoni. Aliangalia kitambaa, akagusa ule uzi mwekundu kwa kidole kimoja. Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono yangu, yakatulia hapo, kama anavyomtazama ng'ombe kabla mwenye mali hajamwambia tatizo. Mikono ilikuwa inatetemeka. Mimi sikuwa nimeiona.

"Mama," akasema.

Nikangoja amwambie mtu. Hapakuwa na mtu.

"Mama, umekula?"

Jamani. Asubuhi nilijidunga, nikanywa chai kidogo, na kwa haraka ya safari nikasahau mengine yote.

"Bado," nikamjibu.

Akaruka mstari wa michai kwa hatua moja, akiita kwa Kikisii kwa Mokeira alete chakula, alete sasa hivi, na alete ndizi mbele ya vyote. Nikala ndizi nimesimama. Kisha vikaletwa viti viwili pembeni ya shamba, na sahani mbili. Tukaviangalia vile viti. Joash akachukua chake, akakigeuza kikaangalia nyumba ya Momanyi. Mimi nikageuza changu kikaangalia barabara. Tukaketi mgongo kwa mgongo, kile kitambaa kikiwa kimetandazwa juu ya majani kando yetu, tukaanza kula, mkwe na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu alipomchukua mtoto wangu.

Kila kijiko changu kiliponyamaza, nilisikia kiti chake kinalia.

"Mama, unakula?"

"Nakula," nikasema. "Kula na wewe, mwanangu."